Maji ya Kisima Yalipwe na Nani?

Liko swali moja linaloulizwa katika vijiji vingi vinavyouzunguka mji wa Kamina, toka upande wa Kabongo hata upande wa Bukama, nalo huulizwa karibu kila mara pampu mpya inapokwisha kusimamishwa. Wachimbaji wamekwenda zao na mitambo yao. Watoto wamekwisha kuyachezea maji ya kwanza. Kisha wazee hukaa kivulini pamoja na kamati ya maji, na mmoja wao husema: pampu hii itakapovunjika, fedha za kuitengeneza zitatoka wapi? Hapo watu hugawanyika. Wengine husema kila achotaye alipe kwa ndoo yake. Wengine husema kila nyumba itoe mchango wake, kwa mwezi au kwa mavuno, ikiwa imechota ndoo nyingi au chache. Ndiyo kusema mchango huo uwe kama kodi ya kijiji.

Watu wengi hudhani kwamba hilo ni jambo la hesabu tu, la kumwachia mtunza fedha. Sivyo. Ni jambo la haki, na haki ni fadhila ambayo katekumeni huifahamu tangu mwanzo wa mafundisho: kumpa kila mtu kilicho chake. Lakini penye kisima, kilicho cha mtu ni nini? Ni maji anayoyahitaji, au ni maji aliyoyalipia?

Wenye kuitetea ndoo wasikilizwe kwanza, maana hoja zao zina nguvu. Yuko bibi kizee akaaye peke yake. Kwa siku ndoo moja yamtosha kupika, kunywa na kunawa. Jirani yake ni fundi wa matofali. Siku ya kazi huchota ndoo thelathini. Wa tatu hupika munkoyo wa kuuza penye stesheni. Kila nyumba ikilipa sawasawa, yule bibi atakuwa amemsaidia fundi kufyatua matofali, na amemsaidia mwenye munkoyo kupata faida, naye mwenyewe hakuambulia kitu. Nani atathubutu kusema kwamba hiyo ni haki?

Tena fedha ya ndoo huonekana. Mlinzi wa pampu huketi na sanduku lake. Anayelipa huiona fedha yake ikitumbukia, na jioni watu wawili huihesabu mbele ya wote. Fedha ya kodi haionekani hivyo. Watu wa nchi hii wana kumbukumbu ndefu juu ya kodi. Tangu mwaka 1910 serikali ya Wabelgiji ilidai kodi ya fedha kwa kila mwanamume mzima, na kwa kuwa fedha haikuota mashambani, vijana iliwapasa kwenda kuitafuta kwenye migodi ya Katanga na kwenye kazi ya reli, ile iliyopita Kamina ikafika Ilebo mwaka 1928. Mzee alilipa, akarudi nyumbani, na mara nyingi hakuona kisima wala zahanati iliyotokana na fedha yake. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 vizuizi vya barabarani vinavyodai ushuru pasipo kutoa risiti havikulisafisha jina la kodi. Basi mtu asemaye ‘afadhali ndoo’ mara nyingi ana neno jingine moyoni, ambalo kwa adabu halisemi: hawaamini wale watakaoishika fedha. Neno hilo si la kudharauliwa. Yeyote atakaye kijiji kilipe kwa mchango wa nyumba hana budi kulijibu kwanza.

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya mwaka 2006, yasema katika kifungu cha 48 kwamba mwananchi ana haki ya kupata maji ya kunywa. Ni neno jema. Lakini katiba haisemi mpira wa pampu ukikatika huko kijijini nani aende kuununua.

Sasa kasoro ya ndoo. Ndoo yapima maji. Nguvu za mchotaji haizipimi. Fikirini kijiji ambamo ndoo ya lita 20 yalipwa franki 100. Mjane ana watoto sita. Watu saba, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, wahitaji ndoo saba. Ndizo franki 700 kwa siku, na franki 21,000 kwa mwezi. Mwenye duka ana mke na mtoto mmoja. Ndoo tatu zawatosha, naye kwa mwezi alipa franki 9,000. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu mjane. Mlinzi amehesabu vema, sanduku limefungwa vema, na mwisho wa mwezi mwenye watoto wengi na fedha kidogo amelipa zaidi ya mara mbili kuliko mwenye fedha nyingi na mtoto mmoja. Matofali ya fundi na uji wa watoto vimehesabiwa kuwa kitu kimoja, kwa sababu vyote viwili vimetoka katika ndoo.

Tena fedha ya kijijini haina mwendo mmoja na kiu. Kiu huja kila siku. Fedha huja wakati mahindi na karanga zinapouzwa, au samaki wanapopatikana kwa wingi, au kijana aliye Lubumbashi anapotuma chochote kwa simu. Katika miezi ya mvua, kabla mahindi hayajakomaa, nyumba nyingi hukaa siku kadhaa pasipo hata noti moja, wala si nyumba za watu wavivu. Mwenye mbuzi watatu na shamba zuri la mihogo aweza kukosa franki 100 asubuhi ya Jumanne. Ada ya ndoo humdai asubuhi ile ile. Nayo miezi hiyo ya mvua ndiyo miezi ambayo maji yatelemkayo huzoa uchafu wote wa kijiji na kuutia kijitoni.

Maana huko kijitoni ndiko aendako mtu aliyekosa noti. Hawezi kukaa na kiu mpaka mavuno. Hupita mbele ya pampu, ndoo tupu kichwani, akitazama upande mwingine ili mlinzi asimwite, akatelemka bondeni kama alivyotelemka mama yake zamani.

Watu wa Haut-Lomami hawahitaji kufundishwa habari za kipindupindu. Kandokando ya maziwa ya Upemba na mto Lualaba, katika Bukama, Kinkondja na Malemba-Nkulu, ugonjwa huo hurudi mara kwa mara, na jina lake latosha kuwatetemesha wazazi. Tangu mwaka 1854, daktari John Snow alipochunguza vifo vya watu waliochota katika pampu moja ya mtaa huko London, yajulikana kwamba kipindupindu husafiri ndani ya maji yaliyoingiwa na kinyesi cha mgonjwa. Akiugua mmoja aliyekunywa kijitoni, ugonjwa haubaki nyumbani mwake. Waenda sokoni, waenda kanisani, wapanda gari-moshi. Wala haumwulizi mtu kama ndoo zake zote alizilipia.

Katika Afrika ya Kusini jambo hilo lilionekana kwa macho. Huko KwaZulu-Natal, upande wa Ngwelezane karibu na Empangeni, watu walikuwa wakipata maji ya bomba pasipo malipo tangu ukame wa miaka ya 1980. Mwaka 2000 maji yale yakaanza kulipwa kwa mita, na kila nyumba ilitakiwa itoe kwanza randi 51 ili iandikwe. Nyumba zilizoshindwa zikarudi kwenye vijito. Agosti mwaka ule kipindupindu kikatokea, kikaenea mbali, hata katika muda wa miaka miwili watu zaidi ya 100,000 wakaugua na zaidi ya 200 wakafa. Wataalamu hubishana ni sehemu gani ya msiba ule iliyotokana na randi 51, na ni sehemu gani iliyotokana na umaskini na uchafu wa siku nyingi. Serikali ya nchi ile haikungoja ubishi uishe. Kuanzia Julai 2001 iliweka kanuni kwamba kila nyumba ipate lita 6,000 za kwanza za kila mwezi bila malipo, yaani lita 25 kwa siku kwa kila mtu katika nyumba ya watu wanane. Maji yanayozidi hapo ndiyo yalipwe.

Mambo ya namna hiyo yalionekana mjini Nairobi pia, katika kliniki moja ya magonjwa yaambukizwayo kwa zinaa. Ada ilipowekwa, mwishoni mwa mwaka 1989, hesabu ya wanaume waliofika kila mwezi ilishuka: mahali pa watu 100 wa zamani wakaja 40, na wanawake, mahali pa 100 wakaja 65. Wale waliokosekana hawakuwa wamepona. Walibaki mitaani na ugonjwa wao, wakauambukiza. Ada hiyo haikudumu hata mwaka mmoja, ikaondolewa.

Kwa hiyo maji safi si kama kofia, ambayo mtu akiikosa huunguzwa na jua peke yake. Mwenye duka ana faida katika ndoo ya mjane, ingawa hakuinywa. Anaposaidia kuilipia hatoi sadaka tu. Ailipia pia afya ya mtoto wake mmoja. Hilo ndilo ambalo hesabu ya sanduku la mlinzi haiwezi kulionyesha.

Basi maji yawe bure kwa wote? Wako wanaosema hivyo, hasa wakati wa uchaguzi. Tanzania ilijaribu kwa nia njema kabisa. Mwaka 1971 ilianza mpango wa miaka 20 wa kuwafikishia maji watu wote wa vijijini, karibu na nyumba zao, na gharama ikabebwa na serikali. Visima vikachimbwa, mabomba yakalazwa, injini zikafungwa. Kisha mafuta yakawa haba, vipuri vikawa haba, na mafundi wa wilaya wakakosa gari la kuwafikisha. Mwaka 1991, mwaka ule ule ambao kazi yote ilitazamiwa iwe imekwisha, sera mpya iliwataka wanakijiji wachangie wenyewe.

Pampu ya mkono si kitu cha ajabu. Ndani ya bomba, chini kabisa, kuna mpira mdogo unaopanda na kushuka maelfu ya mara kila siku. Mpira huo huchakaa, hata kama wanakijiji wote ni watakatifu. Ukinunuliwa mwingine kwa wakati, gharama ni ndogo. Ukiachwa, pampu hupandisha maji kidogo kidogo, watu huisukuma kwa nguvu zaidi, vyuma vingine navyo vikalegea, na siku moja mpini wasukumwa pasipo kitu kutoka. Hesabu iliyofanywa mwaka 2009 katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ilionyesha kwamba karibu theluthi moja ya pampu za mkono zilikuwa hazitoi maji. Pampu ikifa, kijiji kizima hurudi kijitoni, tajiri pamoja na maskini, na mama wengi hulipa kwa shingo na migongo yao kile ambacho hakikulipwa kwa franki.

Wazazi wa Kamina walilionja jambo hilo kwa njia nyingine, yaani shuleni. Tangu miaka ya 1990 wazazi wa Kongo ndio waliokuwa wakiwategemeza walimu kwa ada zao. Katiba ya 2006 ilikuwa imeandika kwamba shule ya msingi ya serikali ni bure. Neno hilo lilianza kutimizwa kwa kweli Septemba 2019. Madarasa yakajaa. Watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa ada waliingia wakaketi, hata sakafuni, na jema hilo ni kubwa. Asiyelisifu hajui uchungu wa mtoto asimamaye nje ya dirisha akisikiliza wenzake wakisoma. Lakini walimu wengi hawakuwa katika orodha ya mishahara ya serikali. Fedha ya wazazi ilikoma, fedha ya serikali haikuwafikia, nao wakaendelea kufundisha mikono mitupu, au wakaacha kazi. Shule iliitwa ya bure, na kumbe mwalimu ndiye aliyekuwa akiilipia.

Basi kijiji hakiwezi kukwepa kulipa. Kilichobaki ni kuulizana mzigo ukae juu ya kichwa gani, na kwa njia gani. Mchango wa nyumba wafaa kuliko ada ya ndoo, kwa maji ya kunywa, ya kupika na ya kunawa. Lakini si mchango wa namna yoyote.

Mtu aweza kuleta Biblia na kuonyesha kwamba katika kitabu cha Kutoka kila Mwisraeli wa miaka 20 na zaidi alitoa nusu shekeli, tajiri asizidishe wala maskini asipunguze. Ni kweli. Ile ilikuwa alama kwamba nafsi zote ni sawa mbele ya Mungu, na alama yafaa iwe moja kwa wote. Lakini sheria ile ile, ilipodai mwana-kondoo kwa mama aliyejifungua, ilimruhusu aliyeshindwa alete hua wawili. Na kila katekumeni ajua ni mama gani aliyeleta ndege wawili hekaluni. Papa Yohane XXIII naye, katika barua yake Mater et Magistra ya mwaka 1961, alifundisha kwamba kodi ya haki hulinganisha mizigo na uwezo wa wenye kuibeba. Basi nyumba zote 80 za kijiji zaweza kutoa, na ni vizuri zote zitoe kitu, hata kidogo, ili pampu isiwe mali ya matajiri na maskini wakawa wageni wake. Lakini mwenye duka atoe kama mwenye duka.

Hapo mjini watu hupata shida, maana nani ajuaye mali ya jirani yake? Kijijini kuna nafuu. Paa la bati laonekana, baiskeli yaonekana, mbuzi huhesabika. Mtu aweza kumficha mtoza ushuru wa serikali mali yake. Hawezi kumficha bibi anayepita uani kwake kila asubuhi. Tena mchango waweza kungoja mavuno, na waweza kuletwa kwa kikapu cha mahindi, kwa samaki wakavu, au kwa siku moja ya kazi ya kusafisha mfereji na kujenga ua wa pampu. Kamati ikiwa na akili itauza mahindi yale wakati bei imepanda. Ndoo haijui kungoja, mchango waweza.

Na ile hofu ya wezi? Haiondolewi kwa maneno. Huondolewa kwa daftari linalosomwa mbele ya watu wote, mathalani Jumapili ya kwanza ya mwezi, jina kwa jina, na bei ya kila mpira ulionunuliwa, na risiti ikipita mkono kwa mkono hata kwa wasiojua kusoma, maana nao wana watoto wajuao. Fedha itunzwe na watu watatu, na mmoja wao awe mama, kwa sababu akina mama ndio wanaojua siku pampu ilipoanza kulegea. Kamati ikikataa kulisoma daftari, basi wenye ndoo wana haki kuidai ndoo yao, na asiwepo wa kuwalaumu.

Pengine mtu atauliza: je, kila kitu cha watu wote kilipwe kwa mchango wa wote? Mji ukijenga bwawa la kuogelea, bibi kizee wa miaka 70 alilipie? Hapana. Hakuna anayeugua kwa sababu jirani yake hakuogelea Jumapili. Anayetaka furaha ile alipe mlangoni, nayo ada yake ni ya haki kabisa. Hata hapo, lakini, mambo yana mipaka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani pote, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Kwa watu wa maziwa ya Upemba, ambao mtumbwi ndio barabara yao, kumfundisha mtoto kuogelea huenda kukawa karibu zaidi na kumfundisha kusoma kuliko kucheza.

Na habari za mabwawa ya kuogelea zina fundisho jingine, chungu. Mjini Jackson, katika jimbo la Mississippi huko Marekani, mji ulikuwa na mabwawa matano: manne kwa Wazungu, moja kwa watu weusi. Kodi walilipa wote. Mahakama ilipotamka kwamba ubaguzi wa namna ile ni kinyume cha sheria, mji ukaona afadhali kuyafunga mabwawa, mwaka 1963, kuliko kuwaacha watoto weusi na weupe waogelee pamoja. Na mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, ikauruhusu ufanye hivyo. Katika Kongo ya Wabelgiji nako, mabwawa mengi ya mijini yalikuwa ya vilabu vya Wazungu, na mtu mweusi aliyapitia kando akiwa na fagio. Kodi itozwayo wote, na mlango ukafunguliwa kwa wachache, ni unyang'anyi wenye risiti. Hata pampu ya kijiji yaweza kuwa hivyo, ikisimamishwa ndani ya ua wa mkubwa, au ukoo mmoja ukichota asubuhi na ukoo mwingine ukaambiwa ungoje mpaka jioni. Kabla ya kumdai mtu mchango, kamati na itazame kwanza kama njia ya kufika penye maji ni moja kwa wote.

Injili ya Yohane yaleta mtu mwingine asiyefaa kusahauliwa. Kando ya birika la Bethzatha mjini Yerusalemu alilala mgonjwa wa miaka 38. Hatusomi popote kwamba alidaiwa ada, wala kwamba alifukuzwa. Shida yake ilikuwa nyingine: hakuwa na mtu wa kumtia majini, na kila alipojikokota mwingine alimtangulia. Katika kila kijiji yuko mtu wa namna hiyo, kiwete, au kipofu, au mzee ambaye wanawe wamekwenda mgodini Kolwezi wasirudi. Kwake yeye pampu iliyo mbali hatua mia nne, hata ikiwa ya bure, ni sawa na pampu iliyofungwa kwa kufuli. Mchango wa fedha haumfikishii maji. Hapo huhitajika zamu ya vijana, ndoo moja asubuhi na moja jioni, nayo iandikwe katika daftari lile lile kama mchango wao.

Yabaki matofali na munkoyo. Maji hayo yalipwe kwa ndoo, na bei yake isiwe ndogo. Fundi ana haki ya kufanya kazi na kupata riziki, wala hakuna amchukiaye. Lakini ndoo zake thelathini huuchakaza mpira wa pampu kama nyumba kumi, naye ndoo hizo ataziuza zikiwa zimegeuka tofali. Watu wengine watasema ni vigumu kutenganisha ndoo ya uji na ndoo ya biashara. Si vigumu sana. Watoto watatu wenye ndoo mara kumi kwenda na kurudi, na udongo miguuni, wajulisha vya kutosha.

Lililo gumu zaidi ni kumsamehe asiyeweza kutoa hata kikapu. Daftari husomwa mbele ya wote. Je, jina la mjane lisomwe kwamba amesamehewa kwa umaskini? Wengine wangependa kufa kiu kuliko kusikia hivyo, na wapo waliokwisha kuhama kijiji kwa aibu ndogo kuliko hiyo. Afadhali daftari liseme tu kwamba nyumba yake imekwisha kutimiza. Kama mtunza fedha na wenzake wawili waliketi kimya jioni moja wakaandika kwamba siku alizofagia uwanja wa pampu zatosha, hilo ni kweli, wala kijiji hakihitaji kujua zaidi.

Na yule awezaye kutoa, akakataa? Yupo daima. Ana bati juu ya nyumba, ana pikipiki, na asema pampu ni ya serikali, yeye hatoi. Hasira ya watu hutaka kumfungia maji. Wasifanye hivyo, maana atakayetumwa kijitoni si yeye. Ni binti yake wa miaka tisa, na kipindupindu akirudi nacho kitakuwa cha wote. Watoto wake wachote. Lakini akileta kazi ya kuchota maji ya matofali, au ya kuosha pikipiki yake, mlinzi amwambie mbele ya watu, kwa upole: ‘Baba, maji ya kunywa tumewapa watoto, haya mengine yangoje mpaka tumeona mchango wako.’ Na wazee waende kwake jioni, wawili au watatu, wakae naye.